Nyekundu Si Moja

Pale kibandani siku ile tulikuwa watu sita, na nawataja wote asije mtu kesho akajitia naye alikuwepo. Mie mwenyewe, Somoe binti Athumani, mama Zainabu. Mume wangu Fundi Shamte, kakaa kwenye kiti chake cha kamba, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Omari, mdogo wake Shamte tumbo moja, kwa hiyo shemeji yangu na mtani wangu. Mwarami, mwenye gari, kaka wa bi harusi. Bi Pili, shangazi yao Mwarami na bi harusi, mkubwa wa shughuli nzima. Wa sita Mwahija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, muuza chapati na maharage. Huyu hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, lakini harusi ya Kibiti iliyompita Mwahija bado haijafungwa.

Nawaandikia nyie mnaofunga redio kwenye magari siku hizi, wa kike kwa wa kiume. Mie nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iamsheni wenyewe msome.

Sikuanza na redio, nilianza na ukili, ile mikanda ya ukindu inayoshonwa mkeka. Miaka na miaka nilikaa mlangoni pa kile kibanda cha barabarani nikisuka, Shamte nyuma yangu anatengeneza redio za watu. Masikio yangu yalikuwa kwake, macho yangu yako kwenye ukindu. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu nikawa namshikia tochi. Kisha nikawa namchagulia nyaya. Mwisho pasi ya kulehemu nikaishika mie, yeye anaelekeza. Waya wa spika ukikatika alikuwa na neno lake: "Nyekundu ipe nyekundu, nyeusi ipe nyeusi, usizioze ovyo." Nikalihifadhi kama nilivyohifadhi Alhamdu. Lishikeni na nyie neno hilo, maana ndilo lililotaka kunivunja.

Shamte alipofika pa kutoona hata mkono wake, wateja wakaanza kupungua. Wanasimama, wananiona mie na bisibisi, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nasema, "Ndiye mie." Wanacheka, wanaondoka. Omari akaona hapo pana nafasi. Kibanda kilikuwa cha ndugu wawili tangu mwanzo, na yeye alitaka akigeuze duka la ndoo na madumu. Hakuwa mtu mbaya Omari, nisimsingizie. Aliona kaka yake haoni, akaona na kazi imekufa.

"Shemeji," ananiambia, "mwanamke na waya wapi na wapi? Rudi kwenye ukili wako. Ndoo haina chanya wala hasi, inauzwa hata na kipofu."

"Kipofu ni kakako," namjibu, "na wewe unayeona mbona kazi huioni?"

Shamte anacheka tu kwenye kiti. Utani wa shemeji huwa hauingiliwi.

Basi wiki ile ndipo akaja Mwarami na gari lake. Gari dogo jeupe, la mtumba, limetoka Japani, na redio yake imekuja nayo inasema Kijapani. Ukiwasha gari, mama mmoja anakusalimu humo ndani kwa adabu sana, hujui anasema nini. Stesheni za kwetu haikamati hata moja, maana redio za kule mawimbi yake yanaishia yetu yanapoanzia. Mwarami alikuwa na redio mpya ndani ya boksi, na spika nne. Ilikuwa Ijumaa, na jioni ileile gari lake ndilo lingempeleka dada yake, Tatu, kwa mumewe Nyamwage.

Bi Pili akasimama katikati ya kibanda, mikono kiunoni.

"Sikilizeni. Wale watu wa Nyamwage mwaka jana walikuja kumchukua binti wa jirani yetu na gari linavuma mpaka kuku wakaacha kula. Wakatuambia watu wa Kibiti tunaozesha kimya kimya kama tunaiba. Leo mie siendi kule na gari linalosema Kijapani!"

Mwarami ananitazama, anamtazama Shamte. Naona anataka kuuliza fundi yuko wapi, haya zinamzuia.

Shamte akasema, "Mwanangu, fundi ni mama Zainabu. Na wewe Omari, njoo hapa. Gari hili ndilo hakimu wetu. Likiimba kabla ya alasiri, kibanda ni cha mama Zainabu, husemi tena habari ya ndoo. Lisipoimba, kesho leta ndoo zako."

"Na wewe usimsaidie," Omari akasema.

"Sitasema neno."

"Hata kukohoa!"

"Hata kukohoa."

Mwahija akaleta kigoda chake, akakaa na bakuli la unga mapajani. Kwamba anakanda chapati huku anatazama, ati.

Nikaanza. Na hapa nawapa kazi, shikeni. Kwanza fungua betri, upande wa hasi, uweke pembeni, ndipo ushike kitu kingine. Dashibodi usiibandue na bisibisi, utaichana uso. Mie nilikuwa na mwiko mwembamba wa mbao, nimeuchonga ncha, nimeuvisha kipande cha kanga. Unausokomeza kwenye upenyo, unasukuma taratibu, klipu inasema "tak", unahamia ya pili. Wenzenu sasa mna vya plastiki vya kununua. Vizuri, lakini mwiko wangu mpaka leo haujavunjika.

Milango nayo ina siri mbili. Ya kwanza, teremsha kioo mpaka chini kabla ya kukaza spika. Sumaku ya nyuma ya spika ikiwa nene, kioo kitashuka kiigonge kipasuke, na utamlipa mwenye gari kioo. Ya pili, mkibandua ule ubao wa ndani wa mlango mtakuta karatasi ya nailoni imegandishwa. Msiitupe! Niliwahi kuitupa kwenye gari la Mzee Kindamba wa Dimani, nikidhani ni nailoni ya kufungia ya dukani. Masika yalipokuja maji yakapita kwenye kioo yakaingia moja kwa moja kwenye spika. Mzee Kindamba akarudi, akanikabidhi ufunguo, akasema, "Mwanangu Somoe, shikamoo yako siipokei mpaka uwatoe vyura kwenye mlango wangu." Nikawasha, walahi zinakoroma kama vyura kweli. Kisa hicho cha baadaye, turudi kwa Mwarami.

Spika zote nne nikazifunga, nikaziunga kwenye nyaya za milangoni. Nikahamia redio. Ile ya Kijapani nikaichomoa, nyuma yake lundo la nyaya za gari. Redio mpya nayo ina lundo lake. Nikayaweka malundo mawili mapajani, na nawaambieni ukweli, nilifurahi. Rangi zilikuwa karibu zilezile! Njano hapa, njano pale. Nyekundu, nyekundu. Nyeusi, nyeusi. Kijani, kijivu, zambarau, nyeupe. Mie ni msuka ukili, nimeshona mikeka mingapi nikioanisha rangi kwenye mshono isipotee hata jino moja? Nikasema hii kazi Mungu kaniletea mie.

Nyekundu nikaipa nyekundu. Njano nikaipa njano. Zile za gari zilizokosa mwenza nikazizungushia tepu nikaziacha. Nikalehemu mshono mzuri, Mwahija akausifu: "Bi Somoe, umeshona waya kama mkeka wa mwali!" Nikarudisha betri. Nikamwambia Mwarami, "Washa."

Akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akazima, akawasha. Redio nyeusi tii, haina hata kijitaa. Gari lile Kijapani walau lilikuwa linajua, sasa hata hicho nimekifuta.

Omari akasimama polepole, akapima ukuta kwa hatua za miguu. "Ndoo kubwa zitakaa huku," anasema. "Madumu huku. Shemeji, wewe nitakuweka kwenye vifuniko."

Bi Pili akashika kichwa. "Yarabi! Nyamwage watatucheka mpaka Tatu azae!"

Nikamtazama Shamte. Kafumba mdomo, kashika magoti, jasho linamtoka. Alijua nimekosea wapi kwa kusikiliza tu, nilimwona usoni. Lakini aliahidi, na Shamte hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Nilitamani akohoe. Hakukohoa.

Sasa Mwarami kwa wasiwasi wake anashikashika kila kitu pale mbele, akawasha taa za gari mchana kweupe. Spika ya mlango wa nyuma ikafanya, "Puk!"

Wote tukageuka.

"Zima taa," nikasema. Akazima. "Washa." Puk! Kama mzee anasafisha koo.

Nikajiuliza, taa zinaingiaje kwenye spika? Nikaingia tena chini ya dashibodi, nikaufuata waya wa spika ile. Kijani. Redio yangu mpya ilikuwa inaita kijani kuwa ni spika, na gari linaita kijani kuwa ni taa. Hapo nilikaa chini kwenye sakafu ya gari, miguu nje, nikacheka peke yangu mpaka Mwahija akauliza kama nimepagawa.

Maana lile jambo mie nalijua! Nalijua tangu msichana. Ukinunua ukili wa njano kwa msukaji wa Dimani na mwingine wa njano kwa msukaji wa Nyamwage, huwezi kushona mkeka mmoja. Kila mmoja kachemsha rangi yake chunguni mwake, kwa kipimo chake. Jina moja, vyungu mbalimbali. Aliyetengeneza gari na aliyetengeneza redio hawajawahi kukutana hata sokoni, nani kawaambia njano zao ni moja? Na lile neno la Shamte la nyekundu ipe nyekundu lilikuwa la waya mmoja uliokatika, unaurudishia nusu yake mwenyewe. Kazi ya kuunga redio ngeni kwenye gari geni yeye alikuwa akiifanya kichwa chini ya dashibodi, nisikokuona, na nilikuwa sijawahi kumuuliza anafanyaje.

Nikauliza nyaya zenyewe.

Fungueni masikio hapa, ndipo penye ufundi. Nilichukua glopu ndogo ya indiketa, nikaiunga nyaya mbili. Mguu mmoja nikaufunga kwenye nati ya bodi ya gari, pale chuma kinapong'aa hakina rangi. Mguu wa pili nikagusa waya mmoja mmoja, niliokwisha kuufungua. Ufunguo haujaingia na glopu inawaka? Huo ndio waya wa moto usiolala, unaotunza kumbukumbu za redio. Upe njano ya redio. Ukizungusha ufunguo kituo cha kwanza, waya mwingine ukawaka, ukizima ukazimika, huo ndio unaoamka na ufunguo. Upe nyekundu ya redio. Unaowaka na taa ni wa taa, uache na taa zake. Nyeusi ya redio ipeleke kwenye bodi yenyewe, usiiamini nyeusi ya gari. Katika gari la Mwarami nyeusi ilikuwa ya spika!

Spika nazo zinaulizwa, kwa betri ya tochi. Unagusa jozi ya nyaya na betri, mlango mmoja unafanya "kwaru", unajua hiyo jozi ni ya wapi. Halafu tazama ngozi ya spika: ikiruka nje, umeshika chanya kwenye chanya. Ikinywea ndani, geuza. Msipuuze hilo. Spika moja ikisukuma na mwenzake anavuta, ni kama watu wawili wamebeba kitanda, mmoja anakwenda mbele, mwingine anarudi nyuma. Besi yote inapotelea njiani, mtu anakwambia spika ni mbovu kumbe mbovu ni wewe.

Nilitandika kanga chini, Mwarami kakaa kwenye usukani ananitii kama mtoto wa chuo cha Kurani. "Ufunguo." Anazungusha. "Taa." Anawasha. "Zima." Anazima. Mwahija kaacha unga, kazi yake kukimbia mlango hadi mlango anapiga kelele, "Hapa! Imekwaruza hapa! Mbele kushoto!" Bi Pili anatazama jua. Omari ameacha kupima ukuta. Alikuja akachuchumaa karibu na mlango wa gari, anatazama glopu inavyowaka na kuzimika.

Nikafungua betri tena, nikalehemu upya. Nikazungusha tepu kila mshono peke yake. Nikarudisha betri. Nikashika ufunguo mie mwenyewe safari hii.

"Allahu akbar, Allahu akbar."

Alasiri.

Mkono wangu ukasimama palepale. Kwetu redio haiwashwi juu ya adhana, hata iwe na harusi ya sultani. Nikautoa mkono, nikaweka ufunguo mapajani. Sijui kama redio inaimba, sijui kama haiimbi, na ahadi ilikuwa kabla ya alasiri. Macho yote yakaenda kwa Omari. Bi Pili midomo inamcheza, anataka kusema, adhana inamfunga.

Mwadhini akamaliza. Omari akasimama, akajipangusa magoti. Nikajua sasa ni ndoo.

"Kaka," akamwambia Shamte, "shemeji alishika ufunguo kabla ya adhana. Nilimwona kwa macho yangu. Mwadhini ndiye aliyemzuia, si kazi. Twende tukaswali kwanza, tukirudi awashe."

Akamshika kaka yake mkono, wakaenda msikitini na Mwarami. Sie wanawake watatu tukaswali nyuma ya kibanda, kwenye mkeka wangu. Mungu anisamehe, rakaa zile nne mie niliswali kwa miguu tu. Kichwa kizima kilikuwa kwenye waya wa zambarau, nilitia chanya au nilitia hasi?

Waliporudi hakuna aliyekaa. Nikaingia, nikazungusha ufunguo.

Vijitaa vya buluu vikawaka uso mzima wa redio. Kisha gari zima likapiga kelele, maana sauti ilikuwa juu kabisa na hakuna aliyejua:

"...MKULIMA! MKOROSHO USIOZAA MIAKA MITATU, USIUBEMBELEZE! KATA, PANDA MWINGINE!"

Bwana kilimo, anatoa mafunzo ya mikorosho ndani ya gari la bi harusi!

"Zima!" Bi Pili anapiga kelele, "Zima, Somoe! Unataka Nyamwage wasikie?" Na mie nacheka, nikageuza kitufe kinyume, bwana kilimo akazidi kuvuma. Watu wakatoka kwenye maduka. Mwendesha bodaboda akapaki katikati ya njia. Shamte, aliyekaa na ukimya tangu asubuhi, sasa akakohoa. Akakohoa kikohozi chote alichokiweka akiba, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Mwarami akachomeka nyimbo zake za harusi. Spika nne, zote zinasukuma pamoja, besi inagonga kifuani. Mwahija akapiga kigelegele gauni limejaa unga, Bi Pili akafunga kanga kiunoni akaanza kucheza pale pale barabarani, akisema, "Kijapani kwaheri! Kijapani kwaheri!"

Wakaenda kumchukua Tatu wao, wakaondoka naye, na baadaye Mwarami akaniambia sauti ilisikika Nyamwage kabla vumbi la gari halijaonekana.

Omari hakusema habari ya ndoo tena. Watu walipotawanyika aliokota ile glopu yangu sakafuni, akaigeuzageuza. "Shemeji," akasema, "hiyo ya kuuliza waya, nifundishe." Nikamwambia akae, nikamfundisha mpaka jua linazama, na Shamte kwenye kiti chake akiongezea alichokuwa amezuiwa kusema mchana kutwa. Tulifanya kazi wote watatu, kisha wawili baada ya Shamte kutangulia, Mungu amrehemu. Walipokuja wateja wakiuliza fundi yuko wapi, Omari ndiye aliyekuwa akinionyesha kwa kidole: "Yule pale, mwenye ukili."

Sasa mna redio za vioo vipana zinazoshika nyimbo za simu hewani, na mna soketi za tayari, hukati wala hulehemu, unachomeka tu. Chomekeni, sina kinyongo. Lakini soketi nayo kaisuka mtu, na nimeshaona iliyoandikwa kwamba ni ya gari fulani na rangi zimekwenda kombo. Glopu yenu iwe mfukoni.

Nimemaliza. Tatu yuko hai, ana watoto watano, na Bi Pili yuko hai ingawa hasikii vizuri, nadhani ni zile spika. Kama bibi yako alikuwa pale ukampelekea karatasi hii, na akasema Mwahija hakuwa anakanda chapati bali maandazi, au kwamba aliyeanza kucheza si Bi Pili bali ni mie, niandikieni nirekebishe. Majina, siku na vyakula nikosoeni mpendavyo, nimekuwa mtu mzima. Rangi za waya msinikosoe kwa maneno. Njooni na gari.